Siano kwenye mnyororo wa PPV: namna kikundi kidogo kilivyoshusha ngazi za elektroni

Mwaka 1990 timu ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, wakiwemo Jeremy Burroughes, Richard Friend na Andrew Holmes, ilichapisha taarifa kwamba utando mwembamba wa polima iitwayo poli(para-fenilini vinilini), yaani PPV, hutoa mwanga wa kijani-manjano ukiwekwa kati ya elektrodi mbili na kupitishiwa umeme. Polima iliwaka, lakini iliwaka kwa ubahili: kati ya kila elektroni 10,000 zilizoingizwa, fotoni zilizotoka hazikuzidi 5. Miaka mitatu baadaye watafiti wa Cambridge walieleza diodi (kifaa cha namna hiyo) ya jamii hiyohiyo ambayo kwa kila elektroni 100 ilizalisha ndani yake hadi fotoni 4, tena kwa kathodi, yaani elektrodi inayoingiza elektroni, ya alumini ya kawaida. Badiliko la kikemia lililokuwa kiini cha hatua hiyo lilikuwa dogo kwa macho: kwenye kila kiungo cha vinilini, yaani jozi ya kaboni inayounganisha pete mbili za mnyororo, atomu moja ya haidrojeni iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na kikundi cha siano, yaani kaboni na naitrojeni zilizoshikana kwa vifungo vitatu.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kwa sentensi moja, kwamba siano huvuta elektroni na kwa hiyo elektroni ziliingia kwa urahisi. Sentensi hiyo si ya uongo, ila huacha nje sehemu zinazofundisha zaidi. Haisemi kwamba mahali kikundi kinapowekwa kuna uzito sawa na aina ya kikundi chenyewe, wala haisemi kwamba kikundi hichohicho kilibadili pia namna minyororo inavyolaliana, jambo lililobadili rangi ya mwanga kuliko ambavyo hesabu ya mnyororo mmoja ingeweza kutabiri.

Polima na ngazi zake

PPV ni mnyororo wa pete za benzeni zilizounganishwa na jozi za kaboni zenye kifungo maradufu. Ukiufuata mnyororo kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, utakuta kifungo kimoja na kifungo maradufu vikipishana bila kukatika, na ndiyo maana elektroni za aina ya pai hazikai kwa atomu moja bali hutandaa juu ya pete kadhaa. Polima za namna hii, tuziite polima konjugeti, zina tabia ya nusukipitishi: ngazi za nishati zilizojaa elektroni zinakoma mahali fulani, kisha kuna pengo, kisha zinaanza ngazi tupu. Kwa mjadala huu zinatosha ngazi mbili tu, ya juu kabisa kati ya zilizojaa na ya chini kabisa kati ya zilizo tupu. Nitaziita kwa kifupi ngazi iliyojaa na ngazi tupu.

Pengo la PPV ni takriban elektroni-volti 2.5 (elektroni-volti ni kipimo cha nishati). Ngazi yake iliyojaa iko karibu elektroni-volti 5.2 chini ya nishati ya elektroni iliyo huru nje ya polima, na ngazi tupu iko karibu 2.7 chini ya kipimo hichohicho. Tarakimu hizi hutofautiana kidogo kutoka maabara moja hadi nyingine, kwa kuwa njia za kuzipima zenyewe hutofautiana, lakini uwiano wake ndio unaoamua mambo.

Diodi ya polima hufanya kazi pale elektroni zinapoingizwa kutoka kathodi kwenda ngazi tupu, na matundu, yaani nafasi zilizoachwa na elektroni zilizoondoka, yanapoingizwa kutoka anodi kwenda ngazi iliyojaa. Elektroni na tundu vikikutana kwenye mnyororo huunda jozi iitwayo eksitoni, na eksitoni ikianguka kwa njia nzuri hutoa fotoni. Sharti ambalo ni rahisi kulisahau ni kwamba pande zote mbili ziwe na mizania. Matundu yakiwa mengi na elektroni chache, matundu ya ziada hupita mpaka kathodi bila kukutana na mwenzi, na umeme wote huo huishia kuwa joto.

Hapo ndipo PPV ilipokuwa na kasoro. Anodi ilikuwa oksidi inayopitisha mwanga, na oksidi ya indiamu na bati ambayo hutumika kwa kazi hiyo huhitaji nishati ya karibu elektroni-volti 4.7 kung'olewa elektroni, kutoka 4.7 hadi 5.2 ni kizingiti kinachovukika. Upande wa kathodi ulikuwa na alumini, ambayo nishati yake ya kung'oa elektroni ni takriban 4.3, ilhali ngazi tupu ya PPV iko 2.7. Elektroni ikitoka kwenye alumini kwenda kwenye polima ilitakiwa kupanda elektroni-volti 1.6. Matundu yalikuwa yakiingia kwa mlango mpana na elektroni kwa tundu la sindano.

Dawa ya haraka ilikuwa kubadili metali

Mwaka 1991 David Braun na Alan Heeger, wakifanya kazi Santa Barbara, California, walitumia kathodi ya kalisi pamoja na polima ndugu ya PPV inayoitwa MEH-PPV, na ufanisi ukapanda mpaka karibu asilimia 1. Sababu inaonekana kwenye tarakimu moja: kalisi inahitaji elektroni-volti 2.9 tu kung'olewa elektroni, hivyo kizingiti cha 1.6 kinabaki kama mwinuko mdogo.

Tatizo la kalisi hulijua kila aliyewahi kuishika nje ya kasha la glavu, yaani sanduku la maabara lisilo na hewa ya kawaida. Tabaka lake likitoka kwenye chombo cha kuvukizia metali huwa linang'aa kama kioo, na likiguswa na hewa yenye unyevu hufifia, huwa la kijivu, kisha hufunikwa na unga mweupe wa hidroksidi. Ndani ya diodi isiyozibwa vizuri jambo hilo hutokea taratibu, kuanzia kingoni na kwenye vitundu visivyoonekana, na kila mahali lilipotokea huonekana kama doa jeusi juu ya eneo linalowaka. Kifaa kinachotegemea kalisi kinaweza kuishi, lakini ni lazima kifungwe kama dawa isiyotakiwa kuona hewa. Kwa maoni yangu, kalisi ilikuwa kipimo kizuri cha utambuzi kuliko tiba: ilithibitisha kwamba ugonjwa uko kwenye uingizaji wa elektroni. Baada ya hapo swali likawa iwapo, badala ya kuipandisha metali kuifuata polima, inawezekana kuishusha polima kuifuata metali.

Kikundi kinavyosukuma na kuvuta

Neno kuvuta elektroni lina hatari ya kueleweka vibaya, na mfano mzuri wa kuiona hatari hiyo ni oksijeni. Kwa kipimo cha Pauling, oksijeni ina uchu wa elektroni wa 3.44, naitrojeni 3.04 na kaboni 2.55. Mtu angetarajia kwamba kikundi cha methoksi, ambacho hujishikiza kwenye pete kwa atomu ya oksijeni, kivute elektroni kuliko siano, ambayo hujishikiza kwa kaboni. Kinachotokea ni kinyume. Oksijeni ina jozi ya elektroni zisizotumika kwenye kifungo chochote, na jozi hiyo, ikiwa imelala sambamba na elektroni za pai za pete, humiminika kuelekea kwenye pete kwa njia ya resonansi, yaani kwa kutandaa ndani ya mfumo wa pai. Kupitia kifungo cha kawaida oksijeni huvuta, lakini kupitia mfumo wa pai huipa pete elektroni, na kwenye nafasi inayofaa utoaji huo hushinda uvutaji.

Louis Hammett, mkemia wa Marekani, aliligeuza jambo hili kuwa tarakimu mwaka 1937 kwa kuangalia jinsi kila kikundi kinavyobadili nguvu ya asidi ya benzoiki. Kwa methoksi iliyo nafasi ya para, yaani ng'ambo ya pili ya pete, thamani yake ni hasi 0.27, alama ya mtoaji. Methoksi hiyohiyo ikihamishiwa nafasi ya meta, thamani inakuwa chanya 0.12, alama ya mvutaji, kwa sababu kutoka meta jozi ya oksijeni haiwezi kuifikia kaboni inayohusika kwa resonansi na kinachobaki ni mvuto wa kupitia vifungo. Siano, kwa upande wake, ina chanya 0.66 kwenye para na chanya 0.56 kwenye meta. Ni mvutaji popote utakapoiweka, ingawa si kwa kiwango kilekile. Kipimo cha Hammett kilitungwa kwa molekuli ndogo na si kwa polima, hivyo hakiwezi kutupa ngazi za PPV moja kwa moja, lakini kinaonya mapema kwamba kuuliza kikundi hiki ni cha aina gani bila kuuliza kimewekwa wapi ni kuuliza nusu ya swali.

Sasa turudi kwenye polima. Kila ngazi ya nishati ina umbo, yaani ramani ya mahali ambapo elektroni yake hupatikana zaidi. Katika PPV, ngazi iliyojaa na ngazi tupu zote mbili zina uzito mkubwa kwenye kaboni za vinilini na kwenye kaboni za pete zilizo kwenye njia kuu ya mnyororo. Kikundi kinachowekwa mahali penye uzito huitikisa ngazi. Kikundi kilekile kikiwekwa mahali ambapo ngazi haina uzito hakitikisi kitu.

Alkoksi, jamii pana ambamo methoksi imo, huwekwa kwa kawaida kwenye pete, mbili zikitazamana kwa kimshazari. Jozi ya oksijeni ina nishati iliyo karibu na ngazi iliyojaa ya mnyororo, na mambo mawili yaliyojaa yakikutana yaliyo juu husukumwa juu zaidi. Ngazi iliyojaa hupanda. Ngazi tupu nayo hupanda, ila kidogo, kwa kuwa iko mbali na jozi ile. Matokeo ni kwamba pengo hupungua. MEH-PPV, yenye methoksi moja na mnyororo mrefu wenye matawi ulioshikizwa kwa oksijeni nyingine, ina pengo la karibu elektroni-volti 2.1 hadi 2.2, na mwanga wake ni wa rangi ya chungwa iliyokolea kuelekea nyekundu.

Siano ikiwekwa kwenye vinilini hufanya kazi kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Kwa mvuto wake wa jumla huzishusha ngazi zote mbili, kama uzito uliowekwa juu ya mzani mzima. Zaidi ya hayo, kifungo chake cha mara tatu kina ngazi tupu ya pai inayolingana kwa umbo na ngazi tupu ya mnyororo, na zikichanganyika ile ya mnyororo husukumwa chini kwa mara ya pili. Ngazi iliyojaa haipati msukumo huo wa pili; elektroni zilizojaa kwenye siano, kama zina athari, huizuia kidogo isishuke. Ndiyo sababu ngazi tupu hushuka kuliko ngazi iliyojaa na pengo hupungua hapa pia. Hesabu zilizofanywa katikati ya miaka ya 1990 na Jean-Luc Brédas wa Mons, Ubelgiji, pamoja na wenzake, zilionyesha mtindo huu kwa molekuli fupi za jamii ya PPV, na ukubwa wa mshuko wa ngazi tupu ulikuwa wa kiwango cha nusu ya elektroni-volti.

Jambo hili nalirudia kwa makusudi kwa sababu ndilo linalopotea katika maelezo mengi. Mtoaji hupunguza pengo, na mvutaji hupunguza pengo. Ukiwapa watu wawili rangi za MEH-PPV na za polima yenye siano na kuwaambia wapime jinsi tando zake zinavyofyonza mwanga, wote wawili watarudi na pengo la karibu 2.1 na wanaweza kudhani kwamba polima hizi ni sawa. Kumbe moja imepandishwa ngazi zote mbili na nyingine imeshushwa zote mbili. Pengo linapima umbali kati ya ngazi. Halisemi chochote kuhusu ngazi hizo ziko wapi ukilinganisha na metali, na kwa mtengenezaji wa diodi jambo la pili ndilo lenye thamani.

Kutengeneza polima yenyewe

Polima iliyotumika mwaka 1993, ambayo hujulikana kama CN-PPV, haina siano peke yake. Kila pete imebeba pia vikundi viwili vya heksiloksi, yaani oksijeni iliyofuatwa na kaboni sita. Hivi viliwekwa kwa ajili ya kuyeyuka, kwa kuwa mnyororo mtupu wa PPV haukubali kiyeyushi chochote cha kawaida. Lakini heksiloksi ni alkoksi, na alkoksi hupandisha ngazi. Kwa hiyo ndani ya CN-PPV kuna mvutano: siano kwenye vinilini inashusha, alkoksi kwenye pete inapandisha, na tunachokipima ni salio. Hii ina maana kwamba ulinganisho wa haki wa athari ya siano ni kati ya CN-PPV na polima ya alkoksi kama MEH-PPV, si kati ya CN-PPV na PPV tupu. Anayelinganisha na PPV tupu huipunja siano.

Mnyororo hujengwa kwa mmenyuko wa Knoevenagel. Upande mmoja kuna pete yenye aldehaidi mbili, upande mwingine kuna pete yenye vikundi viwili vya asetonitrili (kaboni iliyobeba siano), na besi hung'oa haidrojeni iliyo jirani na siano ili kaboni ile iishambulie aldehaidi. Maji hutoka, na kinachobaki ni kifungo maradufu kikiwa tayari kimebeba siano mahali palipotakiwa. Uzuri wa njia hii ni kwamba nafasi ya siano haiachwi kwa bahati: kemia yenyewe haiwezi kuiweka kwenye pete. Inachodai ni uangalifu wa besi. Ikizidi, huanza kushambulia vifungo maradufu vilivyokwisha kuundwa, kwa sababu siano imevifanya viwe na njaa ya elektroni, na mnyororo hupata kasoro katikati. Sifa inayotafutwa kwenye diodi ndiyo inayoleta taabu kwenye chupa. Mwisho hupatikana polima nyekundu inayoyeyuka kwenye klorofomu.

Diodi ya tabaka mbili

Muundo wa diodi ya 1993 ulikuwa hivi: kioo chenye oksidi ya indiamu na bati, juu yake tabaka la PPV ya kawaida, juu yake tabaka la CN-PPV, na mwisho metali. PPV ya chini ilitengenezwa kutoka polima tangulizi inayoyeyuka, ikatandazwa, kisha ikapashwa joto mpaka ikageuka kuwa PPV isiyoyeyuka. Kutoyeyuka huko, ambako kwingine ni kero, hapa kulikuwa msaada mkubwa, kwa kuwa mmumunyo wa CN-PPV uliweza kumwagwa na kuzungushwa juu yake bila kuliharibu tabaka la chini.

Matokeo yaliyovuta macho ni kwamba alumini ilifanya kazi vizuri kama kalisi, na ufanisi wa ndani ulifika asilimia 4. Hapa msomaji mwenye penseli atasita. Ngazi tupu ya PPV ni 2.7, tukiishusha kwa nusu elektroni-volti, au hata kwa zaidi kidogo, tunafika 3.2 au 3.4. Alumini iko 4.3. Kizingiti kilichobaki kinakaribia elektroni-volti moja, ambayo si kitu cha kupuuza, na kwa kalisi kizingiti kingekuwa kimetoweka kabisa. Kama siano peke yake ndiyo iliyofanya kazi, kwa nini metali mbili zinazotofautiana kiasi hicho zitoe matokeo yanayolingana?

Jibu liko kwenye mpaka wa tabaka mbili. Matundu hupita kwenye PPV kwa urahisi mpaka yafike kwenye CN-PPV, na hapo hukuta ngazi iliyojaa imeshushwa na siano, yaani hukuta kizingiti. Elektroni nazo, zikitoka upande wa pili, hufika mpakani na kukuta ngazi tupu ya PPV iko juu kuliko ile zinayosafiria. Kila upande unamzuia mgeni wa upande mwingine, na chaji za aina zote mbili hurundikana pale pale. Mrundikano wa matundu mpakani huongeza nguvu ya uwanja wa umeme ndani ya CN-PPV, na uwanja huo mkali ndio unaozisaidia elektroni kuvuka kizingiti kilichobaki kwenye alumini. Aidha, kwa kuwa mkutano wa elektroni na tundu hutokea katikati ya kifaa badala ya kandokando ya metali, eksitoni chache zaidi huuawa na metali kabla hazijatoa mwanga.

Kwa hiyo sifa ya asilimia 4 haiendi kwa siano peke yake. Siano ilizishusha ngazi zote mbili, na kushuka kwa kila moja kulitumika kwa namna yake: ngazi tupu ilipunguza kizingiti cha elektroni, ngazi iliyojaa ilijenga ukuta wa kuzuia matundu. Ukuta huo haungekuwa na maana bila PPV upande wa pili. Nimewahi kuona maelezo ya kisa hiki yasiyotaja kabisa tabaka la PPV, na sidhani kwamba kisa kinaeleweka hivyo.

Kuna faida nyingine ya kando ambayo haikuwa lengo. Oksijeni ya hewani, ikisaidiwa na mwanga, hupenda kushambulia kifungo maradufu cha vinilini, na mahali pa shambulio hubaki kikundi cha kaboni na oksijeni ambacho huzima mwanga wa eksitoni zinazopita karibu. Siano, kwa kuondoa utajiri wa elektroni kwenye kifungo hicho, hukifanya kisishambuliwe kwa urahisi.

Mwanga uliokuwa mwekundu kupita hesabu

Pengo la 2.1 linalingana na urefu wa wimbi wa karibu nanomita 590, eneo la manjano na chungwa. CN-PPV kwenye diodi ilitoa mwanga mwekundu ambao kilele chake kiko karibu na nanomita 710, sawa na elektroni-volti 1.75. Polima zote hutoa mwanga wenye nishati ndogo kuliko ule zinaoufyonza, lakini tofauti ya ukubwa huu ilidai maelezo mengine, na maelezo hayo hayamo kwenye mnyororo mmoja.

Kidokezo kilitoka kwenye mmumunyo. CN-PPV ikiwa imeyeyushwa na minyororo yake ikiwa mbalimbali, mwanga wake hauwi mwekundu namna ile, na eksitoni zake huishi chini ya nanosekunde moja. Kwenye utando mkavu mwanga huhamia kwenye nyekundu na maisha ya eksitoni hurefuka mpaka zaidi ya nanosekunde tano. Ifor Samuel na wenzake, waliochapisha vipimo hivi mwaka 1995, walivisoma kama ushahidi kwamba kwenye utando msisimko haukai tena kwenye mnyororo mmoja bali hutandaa juu ya minyororo miwili iliyolaliana, hali iitwayo eksima. Nishati ya eksima ni ndogo kuliko ya msisimko wa mnyororo mmoja, na maisha yake ni marefu kwa kuwa njia yake ya kutoa mwanga ni nyembamba zaidi.

Kwa kawaida hali za namna hiyo ni habari mbaya, kwa kuwa katika polima nyingi minyororo ikikaribiana sana mwanga huzimika. CN-PPV ilishangaza kwa kubaki na mwanga mzuri hata ikiwa katika utando. Kwamba siano ndiyo iliyoileta minyororo karibu ni maelezo yanayoingia akilini, kwa kuwa kifungo cha siano kina chaji iliyoegemea upande wa naitrojeni na sehemu za mnyororo zenye alkoksi zina utajiri wa elektroni, hivyo minyororo jirani ina sababu ya kupendana. Mkemia aliyechora siano kwenye karatasi ili kushusha ngazi tupu alijikuta amebadili pia namna polima inavyojipanga ikiwa kavu, na badiliko hilo la pili ndilo lililoamua rangi. Yeyote anayepanga rangi ya polima kwa kutazama pengo la mnyororo mmoja anapaswa kuuweka mfano huu mezani.

Ngazi zilezile, kazi ya kinyume

Mpaka unaozikutanisha chaji unaweza pia kuzitenganisha. Mwaka 1995 Jonathan Halls na wenzake wa Cambridge walichanganya MEH-PPV na CN-PPV kwenye mmumunyo mmoja, wakautandaza, na kupata utando ambamo polima mbili zimeingiliana kama nyuzi za sifongo. Mwanga ukiangukia utando huo, eksitoni haina haja ya kusafiri mbali kabla ya kukuta mpaka, na kwenye mpaka elektroni hudondokea CN-PPV, ambayo ngazi yake tupu iko chini, huku tundu likibaki MEH-PPV, ambayo ngazi yake iliyojaa iko juu. Fotodiodi ile, yaani kifaa kinachogeuza mwanga kuwa umeme, ilitoa hadi elektroni 6 kwa kila fotoni 100 zilizoiangukia. Kwa siku hizi ni kidogo, lakini kwa utando mmoja wa polima ya aina moja kiwango kilikuwa sehemu ndogo tu ya hicho. Mwaka 1998 Magnus Granström na wenzake waliunganisha polima ya siano na polima ya thiofeni kwa kubandika tando mbili, wakafika elektroni 29 kwa kila fotoni 100.

Linaloshangaza mwanzoni ni kwamba CN-PPV ikiwa jirani na PPV hutoa mwanga, na ikiwa jirani na MEH-PPV hula mwanga na kutoa umeme. Tofauti kati ya majirani hao wawili ni vikundi vya alkoksi tu. Alkoksi huipandisha ngazi iliyojaa ya MEH-PPV, hivyo hatua kati yake na ngazi iliyojaa ya CN-PPV huwa ndefu zaidi. Eksitoni imeshikana kwa nishati fulani. Hatua ikiwa fupi kuliko nishati hiyo, elektroni na tundu hubaki pamoja na mwanga hutoka, na hatua ikiwa ndefu kuliko nishati hiyo jozi huachana.

Halls, Jérôme Cornil na wenzao walilijaribu jambo hili kwa uwazi zaidi mwaka 1999. Waliichukua CN-PPV ileile na kuichanganya na majirani wawili tofauti wa jamii ya PPV. Mmoja alikuwa MEH-PPV, ambaye vikundi vyake hushikizwa kwenye pete kwa oksijeni. Mwingine alikuwa na kikundi kilichoshikizwa kwa silikoni, atomu isiyo na jozi ya elektroni ya kuipa pete, na ambayo kwa hiyo haiipandishi ngazi iliyojaa kama oksijeni inavyofanya. Kwenye mchanganyiko wenye MEH-PPV mwanga ulizimika na chaji zikatengana. Kwenye mchanganyiko wenye silikoni, nishati ilihamia CN-PPV bila chaji kutengana, na CN-PPV ikaendelea kuwaka mwekundu.